Ngoma Baridi Nyuma ya Goli

Mpiga ngoma wa timu yetu hapa Tunduma hukaa nyuma ya goli, ngoma mapajani, magunzi makavu pembeni. Haipashi moto ngozi ikaze kabla ya filimbi ya mwisho. Wiki nzima mashabiki walizunguka mjini na bodaboda wakiimba ubingwa, ingawa bado tulihitaji sare katika mechi ya mwisho. Jumapili, tukiwa sare, wakamfokea, "Baba, washa moto, kombe letu hili." Akajibu kwa sauti yake ya chini, "Mpira bado unachezwa," akaendelea kuipapasa ngozi. Shuti likagonga mwamba wa goli letu, likatoka. Filimbi ikalia. Akatoa kiberiti, lakini njiti zikawa zinamvunjikia vidoleni, moja baada ya nyingine. Ikabidi Teresia, muuza maandazi, amwashie.