Lango la Kaskazini

Kila asubuhi, kabla ya chai, baba mkubwa huchukua kitambaa na kufuta gari bovu la jirani. Gari lenyewe halijasogea tangu nihamie kwa baba mkubwa nilipomaliza chuo. Huanzia juu, hushuka polepole, na magurudumu huyaacha mwisho. Jirani alishachoka kumshukuru.

Mtaani wanamwita Dereva. Alifanya kazi miaka mingi kwenye hifadhi ya wanyama, akirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mama mkubwa, dada wa mama yangu, husema hadharani kwamba yeye aliolewa na hadithi za simba, mwanamume akaja kama nyongeza. Basi watoto wao walipowazawadia safari ya kwenda hifadhini, nikapewa kazi ya kupanga, nilidhani ni kazi nyepesi.

Nikatandaza ramani mezani. Kwa lango la kaskazini tungefika mapema, kabla jua halijawa kali na tembo hawajaondoka mtoni.

"Tutapitia kusini," alisema baba mkubwa.

"Kusini si tutazunguka nusu siku?"

"Ndiko kuzuri."

Mama mkubwa alikuwa akikunja masweta, maana alfajiri ya huko ni baridi. Akaacha kukunja. "Kaskazini ulikofanya kazi maisha yako yote ndiko hutaki kwenda. Kuna nani pale langoni?"

"Hakuna mtu."

"Pafukapo moshi pana moto, mzee. Huyo Hakuna Mtu ana watoto wangapi?"

Alikuwa akicheka, lakini sweta alilikamata kama shingo ya kuku. Baadaye, tukiwa wawili jikoni, hakucheka. "Asipopita kaskazini, siendi. Na nisipokwenda, akirudi hanikuti hapa. Nitahamia kwa binti yangu."

Tangu hapo kila kitu kilinitia shaka. Baba mkubwa alikataa kuendesha, akasema macho yamechoka, tukodi gari na dereva wake. Macho hayo hayo yaliona doa la ndege kwenye kioo cha jirani kutoka kibarazani. Nilipompigia simu mwenye gari, baba mkubwa akanivuta mkono na kuninong'oneza, "Usimtajie jina langu."

Mama mkubwa alishuku mwanamke. Mimi ni mtu wa vitabu. Mambo ya wanawake wa malangoni siyajui. Ninachojua ni kusikiliza hadithi inavyoanza. Nikamwomba baba mkubwa anisimulie tena ile ya simba wa bwawani.

"Siku hiyo matope meusi yalifika mpaka milangoni," akaanza.

Ya nyati ilianza na vumbi jekundu lililojaa kwenye taa. Ya twiga, miiba iliyonasa kwenye matairi. Wanyama wote walikuja baada ya uchafu, na katika hadithi zote hizo, zilizomfurahisha mama mkubwa miaka nenda miaka rudi, hakuna simba hata mmoja aliyenguruma.

Jioni ya kuamkia safari, dereva wa kukodi alileta gari tulikague. Lilikuwa na paa la kufunguka, na vumbi tele. Mama mkubwa akatoka na begi lake, akaliweka chini kando ya geti badala ya kulipakia.

"Nauliza mara ya mwisho. Kaskazini au kusini?"

Baba mkubwa aliligeukia gari. Alikuwa ameshachukua ndoo. Akaanzia kwenye paa, akashuka, mkono ukipita kila kona bila yeye kuangalia, hadi ndani ya madigadi juu ya magurudumu, ambako mimi nisingejua kama kunaoshwa.

Yule dereva wa kukodi akacheka. "Mzee, kwa mwendo huo wengine watakosa kazi."

Mkono wa baba mkubwa ukasimama. Mama mkubwa akainama kuchukua begi lake.

Mimi si mwepesi wa kuuliza watu mambo yao. Nikakohoa kwanza.

"Baba mkubwa, umewahi kuingia ndani ya lile lango?"

Hakunitazama mimi. Alimtazama mkewe, akakamua kitambaa.

"Hapana, mwanangu. Magari yaliingia, mimi nilibaki nje na ndoo, nikisubiri yatoke niyaoshe. Pale wote wananijua hivyo. Mwambie dereva kesho tupite kaskazini."