Nilipomwacha Mtoto wa Dada

Baba alikuwa barazani anachonga mpini wa jembe siku nilipomwambia nataka kwenda bara kusomea daawa, kazi ya kuwafundisha watu dini. Hakuinua kichwa. Alichonga, akapuliza vumbi la mti, akapitisha kidole kuona kama pamelainika, kisha akauliza jambo moja tu.

"Na mtoto?"

Mtoto mwenyewe alikuwa kanilalia begani kwa joto la mchana, mate yake yananilowesha shingo.

Alikuwa mtoto wa dada yangu. Dada alimzaa hospitali, akatokwa na damu nyingi, akafariki siku hiyo hiyo kabla hajampakata. Tuliletewa maiti na kichanga kwa gari moja. Mama na shangazi walimwosha dada uani, nyuma ya mashuka tuliyoyatundika kwenye kamba. Mimi niliwatekea maji, na kila nilipoingia na ndoo nilimsikia mama akimsemesha dada polepole: geuka mwanangu, nipe mkono, haya basi tumemaliza huku. Baada ya mazishi mama alijilaza kitandani na kwa muda mrefu hakuweza kushika kazi yoyote. Mtoto akabaki mikononi mwangu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Kazi yangu pale kijijini kwetu, Wingwi, Pemba, ilikuwa kusomesha watoto Qur'ani chuoni na kuwasaidia wazazi shambani. Nikajifunza kukoroga maziwa ya kopo, kuyaonja joto kwa kujidondoshea mkononi, kulala huku nimesikiliza. Alipoanza kutambaa alinifuata mpaka jikoni. Alipoanza kusema aliniita mama, na hakuna mtu nyumbani aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha.

Habari ya daawa ililetwa na walimu wawili wa kike waliotoka bara. Walikuja kuzungumza nasi wanawake msikitini baada ya alasiri. Mmoja wao, mtu mzima mwenye sauti ya mafua, alitusimulia juu ya kijiji kimoja cha huko kwao ambako watu walikuwa wamesilimu karibuni. Alikufa mwanamke, na katika wanawake wote wa pale hakupatikana hata mmoja anayejua kumwosha. Wakakaa naye tangu asubuhi, jua likapanda, wakimngojea mtu kutoka mji wa mbali.

"Tulipofika," alisema, "tulimkuta binti yake bado anampepea kwa kipande cha kanga."

Yaliyofuata sikuyasikia. Nilikuwa nayaona mashuka ya uani kwetu. Nilidhani kila mtu anapokufa huwa na mama na shangazi wa kumwambia geuka mwanangu. Yule mwalimu aliposema kwamba chuo chao kinawapokea wasichana, kinawafundisha, kisha kinawapeleka vijiji kama hivyo, nilijua nitakwenda kama mtu anavyojua kwamba ana njaa.

Baba wa mtoto, shemeji yangu, alikuwa mtu wa kijiji cha Makangale. Kila Ijumaa alikuja na samaki aliowavua mwenyewe, akakaa barazani na mwanawe mpaka magharibi. Alikuwa mpole, mwenye haya. Jambo ambalo watu wazima wa pande zote mbili hawakulitamka, lakini wote walilipanga, ni kwamba mimi nitaolewa na yeye ili mtoto asihame mikono. Ijumaa iliyofuata alikuja kama kawaida. Nilipomtilia chai, akazungumza akiwa anatazama kikombe.

"Shemeji, nimesikia unaondoka."

"Inshallah, shemeji."

"Wazee walikuwa na lao. Na mie sikulikataa." Akakizungusha kikombe. "Sikutakii ubaya. Ila nikwambie kweli: ukenda, mtoto nitamchukua. Mama'ko hana tena nguvu za kulea, na mie siwezi kukaa hivi nilivyo. Nitaoa."

"Ni haki yako."

"Sisemi habari za haki. Nakwambia ili siku utakayorudi usione kama nimekuibia."

Nilirudi ndani na birika. Mama alikuwa nyuma ya mlango, amesikia yote. Siku chache baadaye, alipokuwa ananikunjia nguo, aliweka baibui langu mapajani akalilaza kwa kiganja.

"Mmoja kachukuliwa, mie sikuulizwa," alisema. "Wewe unakwenda kwa miguu yako, na unaniomba radhi. Niseme nini mie?"

"Sema hutaki, mama. Sitakwenda."

"Nikisema sitaki utakaa. Halafu kila nikikutazama nitakumbuka kuwa nilikuzuia na jambo la dini." Akaendelea kukunja. "Radhi zangu unazo. Kulia niachie mwenyewe."

Shemeji alikuja kumchukua mtoto jioni ya kuamkia safari, amempakia mama yake kwenye pikipiki. Nilikuwa nimemwogesha mtoto na kumvalisha gauni la Idi. Nikamweleza bibi yake kwamba uji wa moto haunywi, na kwamba akitaka kulala hupenda kushikwa sikio. Yule bibi, ambaye alilea watoto wake na wa wenziwe, alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima kana kwamba hajapata kuona mtoto. Naye mtoto alikuwa na furaha tupu. Pikipiki aliipenda. Akapakatwa katikati, akaanza kupigapiga tangi kwa viganja, na walipoondoka alinipungia mkono huku anacheka, kama alivyonipungia kila nilipokwenda dukani.

Njia yetu ni mbovu, ina mashimo, na pikipiki haiendi mbio. Nilisikia mngurumo wake kwa muda mrefu baada ya kutowaona. Nilipoingia jikoni nikakuta sufuria iko motoni inachemka. Nilikuwa nimepika uji wake wa jioni bila ya kufikiri. Baba aliingia, akauona, akaumimina kwenye bakuli akaunywa wote hali amesimama, kisha akatoka.

Kaka sina. Na msichana hasafiri masafa yale bila ya maharimu wake, mwanamume wa damu yake asiyeweza kumwoa. Kwa hiyo baba, aliyekuwa haitaki safari hii, ndiye aliyenisindikiza. Tulipanda boti bandari ya Mkoani, tukakaa ndani karibu na dirisha lililojaa chumvi. Boti ilipoanza kuyumba abiria wengi walijiinamia na mifuko yao ya plastiki. Baba alikaa wima, macho yake kwenye kiti cha mbele.

"Dada'ko alitaka kusomea uuguzi," alisema ghafla.

Sikuwa na habari hiyo.

"Alinijia pale pale barazani ulipokuja wewe. Nikamwambia aolewe kwanza, masomo hayakimbii." Akakisugua kiti cha mbele kwa kidole gumba. "Mama'ko sijamwambia kuwa jambo hili linanila."

Nilitaka kumwambia kwamba ajali haina kinga mbele ya Mungu, kwamba siku ya dada ilikuwa imeandikwa. Lakini hayo yeye ndiye aliyenifundisha. Nikamshika mkono. Baba hakuwa mtu wa kushikwa mkono na mtoto wake mkubwa, lakini aliuacha.

"Basi usiniulize kama nimekubali," alisema. "Wewe soma."

Chuoni alinikabidhi kwa mwalimu mkuu, akamwambia huyu hajazoea baridi, akakataa chai asije akakosa basi la kurudi. Sikumwona alipopita getini, kwa sababu nilikuwa nimeitwa kuonyeshwa kitanda.

Maisha ya pale yalikuwa ya kazi. Alfajiri tulihifadhi Qur'ani, mchana tulisoma fiqhi, na wakati wa alasiri kila mmoja alisimama mbele ya wenzake kuzungumza kama anayezungumza na watu wa kijijini. Mimi nilipofungua mdomo walicheka matamshi yangu ya Kipemba, wala hawakuwa na ubaya. Nilijifunza pia kuosha maiti na kumkafini, yaani kumvika sanda. Tulijifunza kwa mwenzetu aliyejilaza mezani na nguo zake, na wengine walishindwa kuzuia vicheko. Zamu yangu ilipofika nilijikuta nasema, geuka mwanangu. Mwalimu akaniambia nikapumzike nje.

Kila Ijumaa niliazima simu ya mlezi wetu nikampigia shemeji. Mwanzoni mtoto akisikia sauti yangu alilia. "Mama, njoo," alisema, "mama, njoo," mpaka simu ikachukuliwa. Shemeji akaoa. Siku moja aliyepokea alikuwa mkewe, msichana wa rika langu.

"Dada, usinichukie," alisema. "Ukishapiga, mtoto hali mpaka kesho yake. Labda tungempumzisha kidogo."

Alikuwa anasema kweli. Nikaacha kupiga.

Nilirudi Pemba kwa likizo ya Idi. Siku ya pili ya sikukuu tulikwenda Makangale, mimi na mama. Mtoto alikuwa amerefuka, kasukwa nywele vizuri, kanenepa. Alijificha nyuma ya gauni la mke wa baba yake, akatuchungulia.

"Msalimie mama'ko mdogo," yule mke alimwambia. "Katoka bara."

Akaja, akanipa mkono. "Shikamoo." Kisha akamgeukia yule mke. "Mama, mgeni atakula?"

Tulikula. Katika kila sala huko chuoni nilikuwa nimemwombea mtoto huyu apate mtu wa kumpenda na asahau haraka, na sasa niliyoyaomba yalikuwa mbele yangu yanatafuna wali. Baada ya chakula alinivuta kidole akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha mwanambuzi. Nikamwuliza anaitwa nani. Akanitazama kama mtu asiyeelewa mambo.

"Mbuzi," alisema.

Wakati wa kuondoka mke wa shemeji alinifungia mkate wa kumimina kwenye kikapu kidogo, akanishika mikono kwa muda.

Tulikaa mimi na mama kando ya barabara kungojea gari. Jua lilikuwa kali, na mama alijitandia mtandio kichwani akauvuta mbele kufunika macho. Nilidhani analia, lakini aliponisemesha sauti yake ilikuwa kavu.

"Huko kwako unarudi lini?"

Neno hilo, kwako, hakulisema kwa ubaya. Lilimtoka tu, kama lilikuwa limekwisha kukaa kinywani mwake. Nikamwambia nikimaliza kufunga zile siku sita za baada ya Idi.

"Basi kesho tukang'oe muhogo," alisema, "kabla hujaondoka."