Kihamba Kisafi

Upepo na mvua ya mawe vilipita kwetu Marangu alasiri moja, vikaacha migomba imelala ovyo kama walevi. Mikungu mingi ilikuwa haijakomaa hata kwa kuchemsha. Kahawa tulishaing'oa karibu yote, maana miaka hiyo alinunua yeyote mwenye mzani, kwa bei aliyojisikia. Kwa hiyo ndizi ndizo zilikuwa chakula chetu. Mume wangu alikuwa Chekereni, kibarua kwenye mashamba ya mpunga. Kihambani, yaani kwenye shamba letu la migomba linalozunguka nyumba, tulibaki mimi, mama mkwe, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya, na ng'ombe mmoja bandani.

Asubuhi yake mama mkwe akanipa panga. "Mtu akipita akaona hivi, atasema nyumba hii haina mwanamke."

Ndivyo tulivyolelewa. Mgomba ukianguka unakatwa, shina linapasuliwa likaliwe na ng'ombe, majani yanatandazwa chini yawe mbolea. Niliikata migomba mtoto akiwa mgongoni, utomvu ukinigandia mikononi. Kufikia Jumapili kihamba kilikuwa safi, ungeweza kupokea wageni wa harusi.

Wiki iliyofuata akaja bwana shamba. Serikali ingewalipa wakulima walioharibikiwa, wanunue chakula na kupanda upya. Hakunizidi umri sana, lakini nilimpa shikamoo, kwa sababu mwenye shida ni mimi. Bila fedha ile ningemuuza ng'ombe, na maziwa ya mtoto yangekwenda naye.

Akasimama katikati ya visiki. "Migomba iliyoanguka iko wapi?"

"Ameila ng'ombe."

Akacheka. "Mimi naona mmevuna, mama."

"Nani anavuna kihamba kizima kwa siku moja? Kwani nina msiba au harusi?"

"Nimetumwa kuandika ninachokiona."

Mama mkwe akamsogelea. "Mwanangu, tulisafisha tu."

"Sasa bibi, kusafisha ni maafa?"

Akavuka masale, ile mimea tunayopanda kuwa mpaka, kwenda kwa shemeji yangu, kaka wa mume wangu. Huyo wiki nzima alikuwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Migomba yake ilikuwa pale pale ilipoangukia, imeoza, nzi wanacheza ngoma. Nilimsikia bwana shamba akisema kwa huruma ya kanisani: "Pole sana, mzee. Umeumia."

Shemeji akalipwa. Mimi sikupata hata pole.

Nilimaliza kidato cha nne. Kwenye somo la siasa tulikaririshwa kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Hakuna aliyetuambia kwamba mkulima akitaka serikali imwone, basi kwanza aache uti huo uoze mbele ya mlango. Kinachoniuma mpaka leo siyo njaa. Ni ile "mmevuna", na kile kicheko.

Mashina tuliyokata yakaisha. Ng'ombe akaanza kulia bandani, maziwa yakapungua. Mama mkwe akanyoosha kidole upande wa pili wa masale. "Kule bado yapo. Na ile ni aibu ya ukoo."

"Mama, nikamsafishie aliyelipwa kwa uchafu?"

"Ng'ombe hajui nani kalipwa."

Nikaenda. Nilichagua mashina ambayo hayajaoza sana, nikayabeba kichwani, maji yake yakinitiririkia shingoni. Shemeji alikuwa amekaa kibarazani na shati jipya.

"Ahsante sana, shemeji," akasema. "Unanisafishia kihamba. Ila usimalize yote. Huenda bwana shamba akarudi."

Nikatua mzigo. "Shemeji, bwana shamba akirudi, mwambie shahidi wangu yuko bandani. Kinyesi chake nimekihifadhi chote, aje akipime."

Nikajitwika mzigo, nikavuka masale. Jioni ile ng'ombe alikula akashiba, na mtoto alipata maziwa. Huo ndio msaada wa maafa niliopokea mimi, na nilijibebea mwenyewe.