Sweta la Lusajo

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, maana nikishaanza sitaki. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na Sekela yupo, nenda kamuulize.

Tulikuwa watatu, bendi tukaiita Pumba. Mimi gitaa, Sekela anaimba, Lusajo dramu. Tulipiga punki, ule muziki wa kelele na haraka ambao Mbeya nzima hakuna aliyeutaka. Mazoezi tulifanyia Ilomba, kwenye mashine ya kusaga mahindi alikofanya kazi Lusajo, kwa sababu mashine ikiunguruma hakuna jirani atakayelalamika. Alikuwa anapiga akiwa mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Kifua chake kilikuwa kibovu, kukohoa kila siku, tukazoea.

Kipupwe tukapata mwaliko wetu wa kwanza nje ya Mbeya, kwenye kiukumbi fulani Ipogolo, Iringa. Siku ya safari Lusajo hawezi hata kuinuka kitandani. Tukataka kuahirisha. Akasema, "Tangulieni bwana, nitawafuata." Tukatangulia. Wewe ungefanyaje?

Kesho yake alasiri tunajiandaa kupiga bila dramu, huyo anaingia kwa mlango wa nyuma. Sweta jipya la kijani, vifungo vyeusi, hana unga hata chembe. Nikamtania, "Leo umeoga, eh?" Akatabasamu tu. Akakaa, akapiga. Jamani, sijasikia tena mtu akipiga vile. Watu waliokuwa wameziba masikio wakaanza kuruka. Nilifurahi sana siku ile, nikadhani ndiyo kwanza tunaanza.

Upepo wa Iringa unaujua. Tulipomaliza Sekela akamuuliza kama amletee chai. Akasema, "Mimi leo sisikii baridi kabisa." Akatoka nje. Tulimtafuta mpaka barabara kuu, hayupo. Tukasema amewahi basi.

Sasa, kwetu mtu akiwa safarini haambiwi msiba kwa simu. Anaachwa afike kwanza. Kwa hiyo hakuna aliyetupigia. Tunafika Ilomba, tunakuta turubai na viti vya kukodi nyumbani kwa kina Lusajo. Alifariki alfajiri ya siku ile tuliyopiga. Asubuhi wajomba zake wakamwosha.

Mimi nikaingia kwa mama yake Lusajo, nikamweleza yote kama ninavyokueleza wewe. Nilijua atanifukuza, maana hakuwahi kuipenda bendi yetu. Nilipofika kwenye sweta akanikatisha.

"La rangi gani, mwanangu?"

"Kijani, mama. Vifungo vyeusi."

Akaniambia alikuwa anamfumia sweta hilo kwa ajili ya safari ya Iringa, na vifungo vya mwisho alivishona usiku ule, mtoto anahangaika na pumzi pembeni yake. Akamvalisha akiwa ameshaoshwa. Sisi tulikuwa tumeshaondoka, tungeliona wapi?

"Na baridi?" akauliza.

"Alisema haisikii, mama."

"Basi limemtosha," akasema, ndipo akalia.

Pumba ilifia hapo. Sekela siku hizi anaimba kwaya. Gitaa langu liko juu ya dari, na mashine ile ikiwashwa nasikia dramu za Lusajo humo ndani, nabadilisha njia. Inaniuma mpaka leo.

Nawe niamini, mgonjwa wako akikwambia tangulia, nitakufuata, usitangulie. Kaa naye. Atakufuata kweli.