Mtori wa Matroni Mektrida

Mektrida, matroni wa bweni la wasichana shuleni kwetu, juu kidogo ya Kiboriloni, ana dawa moja ya kila kitu: mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Kwao mwanamke aliyejifungua hulishwa mtori mpaka nguvu zirudi, na yeye haoni kwa nini msichana wa kidato cha pili anayelia asilishwe vivyo hivyo.

Kwa hiyo Violet alipokutwa akilia kitandani, alipelekewa bakuli lenye minofu. Kesho yake walilia wanne. Kufika Ijumaa lililia bweni zima, wengine huku wakiuliza kama nyama bado ipo.

Mwalimu wa nidhamu akaja na fimbo yake. "Wanaigana tu hawa."

"Wanaigana, ndiyo," akajibu Mektrida. "Sasa wewe wapige, waige kunyamaza, usijue nani ana nini. Hapo ndipo utakapolia wewe."

Akatangaza kwamba anayetaka mtori aje jikoni amenye ndizi, na huku anamenya aseme kinachomsumbua. Wengi walisema njaa. Violet akasema baba na mama wameachana, na wawili waliokaa karibu naye wakasema hata kwao ni hivyo.

Pamela, mchekeshaji wa bweni, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, alimenya kimya mpaka wenzake wote wakaondoka.

"Chukua bakuli lako, mwanangu."

"Sitaki mtori, Matroni. Nataka kumenya tu."

Ndizi zilikuwa zimekwisha. Mektrida akainuka, akaburuta mkungu mwingine, akaketi karibu naye.