Boksi la Usukani la Baba

"Wewe uliyesoma, niambie," mama aliniuliza huku akichambua mchele, "ni gari linaloyumba, au ni baba yako?"

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani Ufukoni, hapa Mtwara, kusubiri kazi, na muda huo wote nilikuwa nikidai ushahidi kwa kila mtu. Mchungaji alikuwa ameshapunguza kuja kwetu kunywa chai kwa sababu ya maswali yangu. Sasa mimi ndiye niliyedaiwa ushahidi.

Jumapili iliyopita, tulipokuwa tukitoka kanisani, gari lilihama upande polepole, kama mtu anayesinzia kwenye benchi, nusura limgonge dereva wa bajaji. Alitutukana mpaka tukapotelea kwenye kona. Mama akatangaza kwamba hapandi tena. Baba akasema tatizo ni boksi la usukani, lile lenye gia za kugeuza magurudumu, linavuja oili siku nyingi na limelegea. Mama hakubisha, ila alikuwa ameona jinsi vifungo vya shati vilivyoanza kumsumbua baba asubuhi.

Kama ni gari, lingetengenezwa. Kama ni baba, funguo zingetoka mfukoni mwake, na sikuweza kumfikiria bila zile funguo. Ilikuwa pikapu iliyonizidi umri. Aliinunua alipokuwa kijana mgeni kutoka Iringa aliyeletwa Mtwara na kazi ya bandarini. Alipostaafu, marafiki wengi walirudi kwao; yeye alibaki na sisi na gari. Bajaji hakupanda. Aliiita kiti cha kinyozi kilichofungwa magurudumu.

Niliamua kupima. Nilichukua funguo, nikaenda kwenye barabara iliyonyooka ya kuelekea uwanja wa ndege, nikaendesha mwenyewe. Usukani ulizunguka upana wa kiganja kizima kabla magurudumu hayajajua kama nimeuzungusha. Gari lilihama kushoto, nikalirudisha, likahamia kulia. Nilirudi nyumbani nimefurahi kama mtu aliyepata majibu mazuri hospitalini.

"Ni gari," nilimwambia mama.

"Una hakika?"

"Nimeendesha mwenyewe. Hata mimi linanishinda."

"Haya. Litengenezwe basi." Hakuonekana kufurahi kama nilivyotarajia.

Fundi alikuja na vifaa vyake kwenye ndoo ya rangi. Alikuwa mtu wa Newala, mwenye maneno mengi na sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Alilala chini ya gari, akafungua kizibo cha boksi, na kilichotoka hakikuwa oili. Kilikuwa kizito, cha rangi ya chai ya maziwa.

"Mzee!" alipiga kelele kutoka chini. "Hili gari unalinywesha nini? Humu kuna mto mzima!"

Baba akacheka kwa aibu, maana fundi alikuwa amesema kweli bila kujua. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na baba aliiogopa kutu kuliko ugonjwa wowote. Kwa hiyo kila alipokwenda Kilambo kununua samaki, alilishusha gari ukingoni mwa Ruvuma mpaka maji yakagusa vitovu vya magurudumu, akaliosha huko kwa maji matamu. Hakuwa peke yake. Pale ukingoni ungekuta pikipiki na magari ya watu wa mjini yakiogeshwa huku wenyewe wakichungulia kama kuna viboko majini. Gari lilifika likiwa limechemka kwa ile barabara, likaingia kwenye maji baridi, na boksi likavuta maji ndani kupitia palepale lilipokuwa likivujia. Miaka yote hiyo alikuwa akiikimbia chumvi.

"Sasa nisikilizeni," fundi alisema akijifuta mikono. "Tunaosha, tunajaza grisi nzito, hamtaona tone tena."

"Grisi haitavuja kwa sababu haitatembea," nilisema. Nilikuwa nimesoma kitabu cha gari lile kwenye simu. "Gia zikiisukuma pembeni, inabaki hukohuko. Katikati panabaki pakavu. Hapa inatakiwa gia oili."

"Dada, kila gari la zamani hapa Mtwara lina grisi."

"Na kila gari la zamani hapa Mtwara linayumba."

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Umepatikana, fundi!"

"Sijapatikana. Wewe mzee umezaa wakili." Akanigeukia. "Haya, wakili. Nikiweka hiyo oili yako, nitaizuiaje isitoke? Sili mpya, huu mpira wa kuzuia oili, peke yake haitoshi. Hebu weka ukucha hapa."

Alikuwa amechomoa shafti, chuma cha duara kinachopita katikati ya sili, na kuifuta. Nilipitisha ukucha, ukazama kwenye mfereji mwembamba. Midomo ya sili ya zamani ilikuwa imekaa mahali pamoja miaka mingi mpaka ikakila chuma. Sili mpya ikikaa palepale, oili ingepita kwenye mfereji. Tulibishana tena, yeye akitaka grisi, mimi nikitaka shafti nyingine ambayo tusingeipata nchi hii, mpaka baba, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akitusikiliza, akauliza kama sili ni lazima izame mpaka mwisho wa tundu lake. Fundi alitazama, akapima kwa kidole. Si lazima. Ikibaki juu kidogo, midomo yake ingekutana na chuma ambacho hakijaliwa.

Basi tukafanya hivyo. Fundi alikata gasketi mpya kwa kuweka karatasi juu ya mfuniko na kuigongagonga kingoni kwa nyundo ndogo. Tuliosha kila kitu kwa dizeli. Tulijaza gia oili mpaka ikachungulia kwenye tundu la juu. Mwisho gari likanyanyuliwa kwa jeki, magurudumu yakanyooshwa mbele, na fundi akakaza skrubu ya juu ya boksi, ile inayobana gia, kidogo kidogo huku mimi nikizungusha usukani.

"Unajuaje imetosha?" nilimuuliza.

"Ukipita katikati, unasikia uzito?"

"Kidogo."

"Hapohapo. Ukizidisha, utapigana nao kwenye kona."

Tuliweka kadibodi chini ya gari. Asubuhi ilikuwa kavu. Baba alilizunguka mara kadhaa akilitazama, na mama, bila kuambiwa, akavaa viatu.

Tulikwenda Kilambo. Niliendesha mimi kutoka nyumbani, na gari lilinyooka kana kwamba si lile. Nusu ya njia baba akasema ni zamu yake. Mama alikuwa katikati, mimi nikahamia dirishani. Barabara pale ilikuwa tambarare, mikorosho huku na huku, hakuna kitu mbele yetu. Gari likaanza kutikisika. Halikuyumba kama zamani. Lilitetemeka kidogo kidogo, kushoto na kulia, bila kupumzika. Nilitazama barabara nikitafuta mashimo. Mama hakutazama barabara. Alitazama mikono ya baba.

Baba alipunguza mwendo, akasimamisha gari pembeni chini ya mkorosho, akazima injini. Alikaa kidogo huku mikono ikiwa bado kwenye usukani. Kisha akashuka, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wangu.

"Shuka, mama," aliniambia. "Nenda kule. Endesha wewe."

"Baba, labda skrubu…"

"Skrubu ni nzima. Wewe umeendesha, umeona."

Nilishika usukani. Gari likanyooka. Alinifundisha njia nzima, badilisha gia, punguza, usikanyage breki kwenye mchanga, mpaka mama akamwambia, "Baba nanihii, mwache mtoto. Hata injini imekuchoka." Wote wawili wakacheka. Mimi sikuweza, kwa hiyo nikatazama barabara. Tuliporudi, alimkabidhi mama funguo bila kuombwa.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba ugonjwa wa kutetemeka mikono ulimwanza baba wiki zilezile za matengenezo. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikizungumza na mhandisi mmoja kazini kuhusu magari ya zamani, ndipo nilipojua kwamba boksi la usukani lililolegea humeza mitetemo midogo ya mikono ya dereva, na lililokazwa vizuri huipeleka yote kwenye magurudumu.