Afande Asiyecheka Getini

Juzi asubuhi nilipigiwa simu kutoka Kisinga nikaambiwa afande wetu amefariki. Nasema wetu kwa sababu kila aliyesoma chuo kile kilicho jirani na kambi ya jeshi, hapa Kasese, aliwahi kumsaka. Ulikuwa mchezo wetu wa kila mwaka: vikundi vya wanafunzi hupewa orodha ya vitu vya ajabu vya kutafuta, kuanzia kitenge cha Kongo kutoka soko la Bwera hadi jogoo asiyewika, na kikundi kinachokamilisha vyote ndicho bingwa. Kitu cha mwisho kilikuwa kilekile siku zote: picha ya afande huyo, mlinzi wa geti la kambi, akicheka. Hakuna aliyewahi kuipata.

Sisi tulikwenda na beberu kutoka Maliba, tumemvika joho la mahafali na kofia yake. Afande akamzunguka taratibu, akamkagua kwato hadi pembe, kisha akauliza, “Hii mwanafunzi iko na kitambulisho?” Tulicheka hadi tukakaa vumbini. Yeye? Uso mkavu kama muhogo uliosahauliwa juani. “Nyinyi yote, geuka nyuma! Mbio!” Tukatimua, beberu akiongoza, na ubingwa ukaota mbawa. Nilimchukia mzee yule wiki nzima.

Matangani nilimsimulia mjane wake kisa hicho. Akajipangusa machozi, akaanza kucheka. “Mzee ilikuwa inafika nyumbani inacheka mpaka inakamata tumbo. Mimi nauliza, kwa nini hucheki mbele ya watoto ya watu? Anasema, ‘Nikicheka, wanapata picha, mchezo inaisha. Mwaka ingine nani atakuja kunisalimia?’” Kwao afande kulikuwa mbali, kaskazini huko, na wenyeji walipita geti lile wakitazama pembeni kwa woga. Sisi pekee ndio tuliomwendea kwa hiari yetu, tena na mbuzi. Nimehuzunika sana, na bado nikimkumbuka nacheka.

Sasa nasikia wanafunzi wa leo wanataka kukiondoa kitu hicho kwenye orodha, maana siku hizi picha ya askari anayecheka unaitengeneza kwa simu bila kutoka kitandani. Vijana wangu, msifanye hivyo. Kumbe thamani haikuwa kwenye picha, ilikuwa kwenye ile safari ya getini. Nendeni. Na wewe afande mpya uliyepangiwa zamu pale, nakuomba sana, usicheke upesi.